Mjusi, bibi na tangi la galoni 10

Bibi alipofika Columbus, Ohio, mwezi wa Novemba, jambo la kwanza aliloliuliza baada ya salamu na maji ya kunywa ni kwa nini nyumbani kwa bintiye kuna mjusi aliyewashiwa taa.

Alikuwa ametoka Tanga, safari ya ndege tatu, amekuja kukaa miezi 6 kumsaidia bintiye kulea mtoto mdogo. Kwao mjusi wa ndani ana jina lake, mjusi kafiri, na jina hilo hakupewa kwa mapenzi. Mtoto wa Pwani anakua akijua ufagio una kazi mbili: kufagia na kumshusha mjusi ukutani. Sasa huku, katika nyumba ya kupanga yenye vyumba viwili vya kulala, watu wazima watatu na watoto watatu, mjusi ana kioo chake, taa yake na pango lake la plastiki.

"Na huyu analipa kodi?" aliuliza.

Hakuna aliyejibu. Baba wa nyumba akajifanya anatafuta rimoti. Kwa mila zao mkwe hajibizani na mama mkwe, na mwanamume huyo aliishukuru mila hiyo kuliko siku zote.

Kwa kweli yeye ndiye aliyekuwa na kosa. Mwezi wa Septemba, mtoto mmoja wa darasani kwa kijana wake alikuwa anahamia jimbo jingine na wazazi wake, na mjusi wao hakuwa na nafasi kwenye gari. Kijana, mwenye miaka 10, alimvizia baba yake mlangoni saa moja asubuhi akitoka ghalani kwenye zamu ya usiku. Mtu aliyetoka zamu ya usiku anaweza kukubali hata tembo, ilimradi aachiwe alale. Mama wa nyumba alikuja kugundua jioni, alipofungua kabati kuchukua unga wa ugali na kukuta kopo la nyenje wanaoruka.

Kulikuwa na kelele, lakini si sana. Mama aliona jinsi kijana alivyomshika yule mjusi, mkono umefunguka kama anashika yai. Na wiki ile, kwa mara ya kwanza tangu wahamie mtaa ule, mtoto mwingine alibisha hodi kuja kumtembelea mwanawe. Alikuja kumwona mjusi, lakini alikaa mpaka Magharibi. Mama akahamisha nyenje kwenye kibaraza, hasira zikaishia hapo.

Mjusi mwenyewe si yule wa kwetu. Ni wa aina ambayo watoto wa nyumba ile wanaiita mjusi chui, asili yake maeneo makavu yenye mawe ya Pakistan, Afghanistan na kaskazini magharibi mwa India, ingawa wanaouzwa Marekani wengi wamezaliwa kwa wafugaji. Akiwa mchanga ana mistari mipana ya njano na nyeusi, ndiyo maana dada mtu, mwenye miaka 7, alimwita Nyuki. Anavyokua ile mistari inavunjikavunjika na kuwa madoa. Nyuki alipofika kwao alikuwa nusu mistari, nusu madoa, lakini jina lilikwishashika.

Bibi alimtazama kwa siku tatu bila kusema neno. Siku ya nne akasema, "Mjusi gani huyu hapandi ukuta?"

Alikuwa ameona sawa. Mjusi kafiri ana vidole vyenye ngozi inayonata, anatembea hata darini kichwa chini. Mjusi chui hana. Ana vidole vyembamba vyenye kucha, anatembea chini, na kioo kitupu hawezi kukipanda. Jambo jingine ambalo bibi aliliona kabla ya wote ni kwamba ana kope. Anafumba macho akilala, anapepesa ukimkaribia. Mjusi wa Tanga hafumbi macho, analamba jicho kwa ulimi.

"Anapepesa kama mtu," bibi alisema, na kuanzia siku ile ufagio haukutajwa tena.

Lakini aliona na jambo la tatu, na hilo ndilo lililoleta maneno. Kila jioni giza likiingia, Nyuki alitoka pangoni, akaenda kwenye kona ya kioo, akasimama kwa miguu ya nyuma na kukwaruza. Akianguka anasimama tena. Kijana alifikiri anasalimia.

"Anasalimia nini, mume wangu?" bibi alimwambia mjukuu wake. "Huyu anatafuta njia. Kuku ukimweka kwenye tenga anafanya hivyo hivyo."

Bibi amefuga kuku maisha yake yote. Hajasoma kitabu cha mijusi hata kimoja, ila banda analijua. Alimwagiza kijana alete tepu ya mama yake ya kushonea wapime. Tangi lile lilikuwa la galoni 10, ndilo ambalo watoto wengi wa Marekani huanzia nalo kwa sababu ni la bei rahisi. Ndani lilikuwa na urefu wa sentimita 50 na upana wa sentimita 25 hivi. Kijana alikuwa ameshasoma kwamba mjusi chui akikua anafika sentimita 20 hadi 25, mkia ukihesabiwa. Bibi akaweka tepu kwenye upana, akaangalia namba, akamwangalia mjusi.

"Kwa hiyo akikua, akinyooka, kichwa kinagusa ukuta huu na mkia unagusa ukuta ule."

"Ndiyo, bibi."

"Hiyo si nyumba. Hilo ni kabati."

Baba alisikia kutoka chumbani. Jumamosi alikwenda dukani akanunua tangi la galoni 20, mara mbili ya lile la kwanza, ili yaishe. Alilibeba mwenyewe ngazi mbili. Aliliweka juu ya meza ndogo kando ya sofa na likakaa vizuri kabisa, kwa sababu lilikuwa limesimama kwenda juu, jembamba, halili nafasi.

Kijana alilitazama, akalizunguka, kisha akasema neno ambalo mzazi aliyetoa pesa yake hapendi kulisikia. "Baba, hili siyo."

"Siyo vipi? Galoni 10 ndogo, hii 20."

Hapo ndipo wazazi wengi wanapopotea, na hawana lawama. Matangi ya kioo Marekani huuzwa kwa galoni kwa sababu asili yake ni matangi ya samaki. Samaki anaishi ndani ya maji, ukijua maji mangapi yanaingia umejua nyumba yake. Mjusi chui haogelei. Anaishi sakafuni. Tangi la galoni 20 la aina ndefu lina sakafu ya sentimita 76 kwa 30. La galoni 20 la aina ya kwenda juu lina sakafu ya sentimita 61 kwa 30. Maji ni yaleyale, lakini katika hilo la pili sehemu kubwa ya ulichonunua ni hewa iliyo juu ya kichwa cha mnyama asiyepanda ukuta. Ni sawa na mtu mwenye watoto sita aongezewe dari badala ya chumba.

"Galoni ni galoni," baba alisema, akaenda kulala. Ilikuwa saa nne asubuhi na jioni alikuwa na zamu.

Kijana hakubishana. Alihamisha vitu vya Nyuki kwenye tangi jipya: ule mchanga aliokuja nao, pango, kisahani cha maji, taa juu.

Mwezi wa Desemba Nyuki akapunguza kula. Mwanzoni alikuwa anawakimbilia nyenje, sasa akawa anawaangalia wakipita. Mjusi wa aina hii huweka akiba ya mafuta kwenye mkia, mkia mnene ni dalili ya afya kama nundu ya ng'ombe. Mkia wa Nyuki ukaanza kusinyaa. Pia alipojivua gamba, na hapa si lile la kisiasa lililovuma kwetu mwaka 2011, ngozi ya zamani ilibaki kwenye vidole kama pete za karatasi. Dada mtu alifikiri ni mapambo. Kijana hakufikiri hivyo. Alianza kuamka usiku na kukaa mbele ya kioo na tochi, na asubuhi shuleni analala.

Kilichompeleka mama kwa daktari wa wanyama, kwa kweli, ni barua ya mwalimu. Alisema wazi kwamba hampeleki mjusi, anaupeleka usingizi wa mwanawe. Gharama ya kumwona daktari tu ilikuwa dola 85, na mama, ambaye kazi yake ni kuhudumia wazee majumbani, aliihesabu kichwani kwa saa za kazi akanyamaza njia nzima.

Daktari alimpima uzito, gramu 31, akamtazama vidole, akamfungua kinywa. Kisha hakuuliza habari za mjusi tena, akauliza habari za nyumba ya mjusi. Lina urefu gani? Taa iko wapi? Upande wa baridi una nyuzi ngapi?

"Upande wa baridi?" mama aliuliza.

Daktari alichukua karatasi akachora. Mnyama huyu hana joto lake mwenyewe la kutosha kama sisi. Akila, anahitaji kulalia mahali penye moto ili tumbo lisage chakula, sakafu ya nyuzi 32 hadi 35. Akishapata joto la kutosha lazima aondoke aende mahali pa baridi, kama nyuzi 24. Siku nzima anakwenda na kurudi, anajipimia mwenyewe. Kwa hiyo tangi lazima liwe na pande mbili, na ili ziwepo pande mbili lazima liwe refu. Katika lile la galoni 10 taa moja inapasha kila kona, mnyama hana pa kukimbilia, anakwaruza kioo. Katika lile lililokwenda juu taa imekaa mbali, joto linabaki hewani, na chini sakafuni, ukizingatia baridi ya Ohio, hakuna mahali penye moto. Chakula kinakaa tumboni bila kusagika. Ndiyo maana ameacha kula.

Kijana alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Kwa hiyo la kwanza lilikuwa tanuri na la pili ni friji?"

Daktari alicheka, akasema hivyo hivyo.

Aliagiza mchanga utolewe wote, kwa sababu mjusi akimeza mchanga pamoja na chakula, hasa akiwa mdogo au mdhaifu, unaweza kumziba tumbo. Watandike karatasi za jikoni kwanza, baadaye vigae. Wampe maficho matatu: moja upande wa moto, moja upande wa baridi, na moja la unyevu katikati ili ngozi itoke vizuri. La unyevu halinunuliwi, linatosha kopo la plastiki lenye mfuniko, lililotobolewa mlango, ndani karatasi zilizoloweshwa. Nyenje wapakwe unga wa kalsiamu na vitamini D3, la sivyo mifupa italegea. Na tangi, alisema, msiongeze kidogokidogo. Nunueni la mwisho leo. Akaandika namba: sentimita 91 kwa 46, kimo cha 40. Huko dukani linaitwa la galoni 40, la aina fupi na pana.

Mama aliuliza swali la busara. Si amesikia kwamba mjusi mdogo akiwekwa kwenye tangi kubwa anaogopa, anashindwa kupata chakula?

Daktari akasema anaogopa uwanja mtupu, haogopi ukubwa. Mjaze maficho, vipande vya magome, majani ya plastiki, atembee akiwa amefichika. Hata mtu ukimweka katikati ya uwanja wa mpira usiku peke yake, tatizo si ukubwa wa uwanja.

Mama alikuwa ameshaanza kuhesabu mahali pa kuweka kitu cha karibu mita moja katika sebule ile, kama aondoe cherehani au aondoe meza, daktari alipouliza swali la mwisho huku akinawa mikono.

"Nyumbani kuna mtoto wa chini ya miaka 5?"

Yupo. Ana miezi 9. Ameanza kutambaa.

Mijusi, kobe na nyoka wanaweza kubeba bakteria wa salmonela bila wao wenyewe kuumwa, na bakteria hao huwa kwenye ngozi yao, kwenye maji yao na popote wanapopita. Mtu mzima mwenye afya anaweza kuharisha siku chache akapona. Mtoto mdogo anaweza kulazwa. Kwa sababu hiyo wataalamu wa afya Marekani wanashauri nyumba yenye mtoto wa chini ya miaka 5 isifuge wanyama watambaao kabisa. Wengine walio hatarini ni wazee wa miaka 65 na zaidi. Bibi ana miaka 67.

Na tangi la Nyuki lilikuwa juu ya meza ndogo, kando ya sofa, juu ya zulia analotambalia mtoto.

Usiku ule mama na baba walizungumza jikoni kwa sauti ya chini. Baba, ambaye alikuwa bado na kinyongo cha galoni 20, alisema tangi la 91 haliingii na mjusi haingii, mambo yamekwisha, arudishwe. Arudishwe wapi? Wenyewe wamehama. Mama hakuwa na haraka ya mjusi, alikuwa anamfikiria kijana. Lakini alisema jambo ambalo mzazi yeyote angelisema. "Huyu mdogo hawezi kujisemea. Yule mkubwa anaweza kulia."

Asubuhi wakamwambia. Hakulia. Alisema sawa, na kwa siku mbili ndilo neno pekee aliloliongea nyumbani. Alikula akiangalia sahani. Jioni alisogeza tangi mpaka chumbani, akafunga mlango, akaosha zulia kwa sabuni bila kuambiwa.

Bibi ndiye aliyeshindwa kuvumilia. Aliambiwa na yeye yumo kwenye kundi la walio hatarini, akachukia kidogo. "Mimi nimeua mijusi kwa kandambili hizi na sijafa." Bintiye akamwambia, "Mama, tafadhali." Akanyamaza. Kisha akaomba apigiwe simu mwanawe wa kiume, mjomba wa watoto, ambaye anaishi jengo la ng'ambo ya maegesho ya magari, peke yake, dereva wa lori, siku tatu nne za wiki hayupo.

"Wewe mwanangu," alimwambia, "pale kwako panakaa nani ukisafiri?"

"Hakuna mtu, mama."

"Basi kuanzia Jumapili atakuwepo."

Mjomba hakukataa. Nani angemkatalia? Alitoa kabati lake la viatu, akasema juu ya hilo wataweka tangi. Kijana akaenda na tepu. Kabati lilikuwa na sentimita 60. Mjomba akapendekeza basi wachukue tangi dogo kidogo, mjusi ni mmoja tu. Kijana akafungua daftari akamwonyesha hesabu aliyoifanya: sakafu ya galoni 10 ni sentimita za mraba 1,250, ya galoni 40 ni 4,186, zaidi ya mara tatu. Alieleza tanuri na friji. Aliongea mfululizo labda dakika 10. Mjomba aliyasikia yote akiwa amesimama na kiatu mkononi, halafu akaenda kuvuta meza ya chakula ambayo hajawahi kuilia akaisukuma ukutani.

"Meza hii inatosha, dokta?"

Ilitosha, na mbao zake zilikuwa nzito. Hilo nalo si dogo. Tangi la kioo la ukubwa huo likiwa tupu lina zaidi ya kilo 20, ukiongeza vigae na mawe halifai kukaa juu ya kimeza cha miguu ya bati.

Tangi walilipata la mitumba, dola 60, kwa mtu aliyekuwa anafugia samaki. Ukijumlisha lile la galoni 20 ambalo duka lilikubali kulirudisha kwa nusu ya bei, na lile la 10 walilopewa bure, familia hii ilifika kwenye tangi la tatu ndani ya miezi minne. Angeanza mtu na la tatu angelipia mara moja. Lakini wangapi wanaanza hivyo? Mtoto anapoletewa mnyama wa sentimita 15, macho yanataka kununua nyumba ya sentimita 15.

Mjomba alikuwa na wazo moja zaidi. Kwa kuwa nafasi sasa ni kubwa, kwa nini wasimtafutie mwenzake, asiwe mpweke? Ni wazo la huruma na ni baya. Madume wawili watapigana mpaka mmoja apoteze mkia. Hata majike, mmoja mara nyingi hukaa mahali pa moto na mwingine husukumwa kwenye baridi akakonda polepole, huku wenye nyumba wanaona wamelaliana wanadhani wanapendana. Kijana alisema tu, "Mjomba, hata wewe unaishi peke yako." Mjomba akacheka mpaka akakaa.

Wakaweka mkeka wa joto chini ya upande wa kulia, umeunganishwa na themostati ili usipite nyuzi 34, na taa yenye saa ya kujiwasha na kujizima kwa siku ambazo mwenye nyumba yuko barabarani. Vipimajoto viwili, kila upande kimoja. Kulia 33. Kushoto 24. Kijana aliandika namba hizo kwenye daftari na saa yake.

Na utaratibu ukapangwa na mama, ambaye kwa usafi hana mchezo. Nguo za kwenda kwa Nyuki zinabaki kwa mjomba. Mikono kwa sabuni kabla ya kutoka na tena baada ya kufika nyumbani, ndipo mtoto anapobebwa. Kisahani cha maji hakioshwi kwenye sinki la vyombo, kina ndoo yake bafuni, na ndoo hiyo imeandikwa kwa kalamu nyekundu. Dada mtu anaangalia kwa macho tu mpaka akue.

Kulikuwa na tatizo moja lililobaki. Mtoto wa miaka 10 haachwi kwenda peke yake jioni kwenye nyumba isiyo na mtu mzima. Mama yuko kazini, baba anajiandaa kwenda ghalani.

"Nitampeleka mimi," bibi alisema.

Tangu Novemba bibi alikuwa ametoka nje mara nne, zote kwa gari. Baridi ilikuwa imemfunga. Alikuwa anakaa kwenye kiti karibu na hita ya sebuleni, kanga mbili juu ya sweta, anamlea mtoto, anaangalia theluji, akichoka anahamia dirisha la chumbani anaangalia theluji ileile. Kuanzia Jumapili ile, saa 11 jioni, alivaa koti la mkwewe linalomfika miguuni, akamshika mjukuu bega, wakavuka maegesho. Dakika tano kwenda, dakika tano kurudi. Jirani mmoja Mmarekani alianza kumpungia mkono. Wiki ya tatu bibi akawa anajua jina la mbwa wake.

Kwa mjomba bibi hakumgusa Nyuki, aliliheshimu agizo la bintiye. Alivuta kiti akakaa mbele ya kioo, mita moja, na kutoa ripoti. Amekunywa maji. Ametoka pango la kushoto ameingia la kulia. Chooni kwake ni kona ile ile kila siku, mjusi mwenye adabu kuliko watu wengine. Wiki ya pili alimla nyenje mmoja, siku iliyofuata watatu. Kijana alimweleza kwamba akila huenda upande wa moto kulalia tumbo, na bibi akawa haulizi tena kama amekula, anaangalia tu amelala wapi.

Kukwaruza kioo kuliisha. Si mara moja, kulipungua, mpaka siku moja wote wawili wakakumbuka kwamba hawajakuona kwa muda. Mkia ulirudi polepole sana, kufikia Machi ulikuwa na unene wa kidole cha mtu mzima. Ngozi iliyofuata ilitoka yote, vidole vyote, na Nyuki akaila mwenyewe kama ilivyo kawaida yao. Bibi aliona jambo hilo na hakulipenda.

Kijana alimwambia mama yake kwamba mijusi hawa wakitunzwa vizuri wanaishi miaka 15, wengine hadi 20. Mama akapiga hesabu. Mtoto mdogo atatimiza miaka 5 Nyuki akiwa bado kijana. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Lakini siku moja baba alirudi kutoka kazini akamkuta amepiga magoti sebuleni na tepu yake ya cherehani, anapima ukuta ulio chini ya dirisha, sentimita 91, kisha anapima tena.

Bibi aliondoka mwisho wa Aprili. Miti ilikuwa imeanza kuchipua, akasema Marekani wamemwonyesha uzuri siku ya mwisho, kama watu wenye choyo. Siku aliyofika Tanga alituma ujumbe wa sauti, mrefu, una kelele za watu na kuku nyuma. Amefika salama. Joto kali. Amewasalimia majirani wote. Anashukuru kwa koti. Halafu akamtaja mjukuu wake.

"Mume wangu, yule mwenzetu amelala upande gani leo?"

Kijana alikuwa kwa mjomba muda ule. Alisogeza simu karibu na kioo ingawa hakukuwa na cha kusikika, akabonyeza kitufe.

"Upande wa moto, bibi."

Jibu lilirudi kabla hajaiweka simu mezani.

"Basi ameshiba."